Uchambuzi wa kisa: injini ya farasi 9.9 iliyoshindwa na kazi ya farasi 6

Mashua ndogo ya tanga ilibadilishiwa injini ya kupachika mara mbili ndani ya msimu mmoja. Mara ya kwanza mwenyewe aliongeza nguvu, mambo yakaharibika. Mara ya pili alipunguza nguvu, mambo yakanyooka. Majina, mahali na alama za chombo vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyochukuliwa. Kasi zote zinazotajwa ni maili za bahari kwa saa, na "farasi" ni kipimo cha nguvu ya injini.

## Chombo na kazi yake

Mashua ni ya faiba, urefu wake mita 7, na sehemu inayokaa majini ina mita 6. Ina mkuku (uti wa chini wa chombo) usiokunjwa, mlingoti mmoja, na usukani unaoning'inia kwa bawaba nje ya ukuta wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ikiwa na watu wawili, maji ya kunywa, nanga, betri na mizigo ya safari, uzito wake unakaribia kilo 1,400.

Huo usukani wa nje msomaji aushike mapema. Umekalia katikati ya tezi, mahali ambapo injini ingependa kukaa, kwa hiyo injini lazima isogee pembeni, na karibu kila taabu inayosimuliwa hapa ilipata nguvu kutokana na hilo.

Injini ilihitajika kwa mambo matatu: kuingia na kutoka gatini, kurudi upepo unapokufa, na kupita mlango wa ghuba. Mlango huo ni mwembamba. Maji yakipwa, mkondo hutoka kwa kasi na kukutana uso kwa uso na upepo wa kutoka baharini, na hapo mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, yamefuatana bila nafasi. Kimo chake si cha kutisha. Ubaya wake ni kwamba chombo cha mita 7 hakipati muda wa kutulia kati ya wimbi moja na jingine; omo, yaani mbele ya chombo, ikishuka tezi inapanda, na tezi ikishuka omo inapanda, bila kupumzika.

Injini ya zamani ilikuwa ya farasi 4, mipigo miwili, yenye shafti (mguu unaoshuka majini) fupi, imebanwa kwenye ubao usiosogea uliofungwa kwa bolti kushoto mwa usukani. Ilikuwa imechakaa na haiwaki mpaka ibembelezwe.

## Uamuzi wa kwanza

Mwenye mashua alinunua injini ya farasi 9.9, mipigo minne, iliyokwisha kutumika, shafti fupi. Sababu zake hazikuwa za mtu asiyefikiri. Mlango wa ghuba ulikuwa umemtia hofu mara kadhaa, na rafiki yake mwenye boti la kasi alimwambia kwamba nguvu ya ziada ni usalama. Ubao uliokuwapo ulikuwa wa shafti fupi, kwa hiyo shafti fupi ingekaa bila kutoboa tundu jipya. Na mipigo minne ingemwondolea kazi ya kuchanganya oili na petroli.

Hakuna aliyepima uzito. Injini ya zamani ilikuwa na kilo 20 hivi; mpya ilikuwa na kilo 40, zote zikining'inia nyuma ya ukuta wa tezi, mwisho kabisa wa chombo, ambako kila kilo hushusha tezi kuliko mahali pengine popote. Hakuna aliyeuliza pangaboi, yaani feni inayosukuma maji, lilikuwa la namna gani. Ubao haukuguswa, wala bolti zake hazikukaguliwa.

## Kilichotokea mlangoni

Siku za mwanzo kwenye maji tulivu kila mtu alifurahi. Injini iliwaka kwa mvuto mmoja, na mashua ilifika maili 5.5 akseleta ikiwa nusu tu. Ilipokazwa hadi mwisho, tezi ilizama, omo ikainuka, wimbi likajikusanya nyuma, na kasi haikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Dalili hiyo ilipuuzwa. Jambo lingine lililopuuzwa ni maji machache yaliyoonekana sakafuni kwa nahodha kila injini ilipokazwa. Matundu ya kutolea maji, ambayo zamani yalikuwa juu ya uso wa bahari, sasa yalikuwa chini yake, na badala ya kutoa maji yalikuwa yanaingiza.

Siku yenyewe mwenye mashua na mwenzake walitoka asubuhi maji yakiwa yanapwa, tanga limekunjwa na kufungwa kwenye mhimili wake, upepo ukiwaelekea usoni. Wimbi la tatu au la nne liliinua tezi kiasi kwamba pangaboi lilitoka majini. Injini ikapiga yowe, kifaa chake cha kuzuia mizunguko kupita kiasi kikaikata, pangaboi likazama tena, nguvu ikarudi, kisha wimbi jingine likarudia yale yale. Kila msukumo ulipokatika, upepo ulisukuma omo kando. Mashua ikaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi.

Mwenzake akafanya jambo ambalo mabaharia wengi wangelifanya: akaenda omo kuandaa nanga. Uzito wake ulipohamia mbele, tezi ilipanda zaidi, na pangaboi sasa lilikuwa hewani karibu muda ule ule lililokuwa majini. Maji ya kupoza injini huvutwa kupitia matundu yaliyo karibu na pangaboi, kwa hiyo nayo yalianza kuja kwa kukatika. Kijito kinachotoka ubavuni mwa injini kuonyesha kwamba pampu inafanya kazi kikawa cha kutonatona. Taa ya joto ikawaka.

Mwenye mashua alizima injini, akamwita mwenzake arudi nyuma, wakapandisha tanga la mbele peke yake na kugeuka na upepo kurudi ndani ya ghuba. Huo ndio uamuzi bora wa siku nzima, na aliufanya mapema, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kugeukia. Aliweza kwa sababu tanga la mbele lilikuwa limefungwa kwa namna ya kufunguliwa upesi na kamba zake zilikuwa tayari. Chombo chenye injini peke yake kisingekuwa na njia hiyo.

Walipofika gatini waliona jambo jingine. Kuzunguka bolti mbili za juu za ule ubao kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi ya faiba, na maji ya kahawia yakichuruzika kutoka kwenye moja ya hizo bolti.

## Vipimo kabla ya kununua tena

Mwenye mashua alikwenda kwa fundi akitaka injini kubwa zaidi. Akidhani 9.9 haikutosha, alitaja farasi 15. Mazungumzo yao, kama walivyonisimulia wote wawili, yalikwenda hivi:

"Mzee, kabla ya farasi, nionyeshe maji yanafika wapi pale nyuma."

"Yanafika pale pale siku zote."

"Hayafiki pale pale. Kaa unapokaa ukishika usukani, na mwenzako akae anapokaa. Mimi nitabandika utepe."

Kazi hiyo haikuhitaji chombo chochote zaidi ya utepe wa rangi na futi ya mkononi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba kisa hiki chote. Walibandika alama ukutani mwa tezi kwa hali tatu: mashua tupu, watu wawili nyuma, na mtu mmoja omo kama anayetupa nanga. Kisha wakasubiri boti zipite na mawimbi yake yaitikise mashua, wakaangalia alama inapanda na kushuka kiasi gani.

Watu wawili wakiwa nyuma, ukingo wa juu wa ubao ulikuwa sentimita 28 juu ya maji. Shafti fupi ina sentimita 38 kutoka mahali inapobanwa hadi kwenye kibati kipana kilicho juu tu ya pangaboi. Kibati hicho kazi yake ni kuzuia pangaboi lisinyonye hewa kutoka juu, na hakizuii kitu kama chenyewe hakiko ndani ya maji. Kwa hiyo kilikuwa na sentimita 10 za maji juu yake, bahari ikiwa shwari. Mtu mmoja akienda omo, tezi ilipanda sentimita 5, na nusu ya akiba hiyo ikaisha. Mawimbi ya boti zilizopita, ambayo ni madogo kwa mbali kuliko ya mlangoni, yaliipandisha tezi zaidi ya sentimita 15 juu ya hapo.

Sentimita 10 za akiba, 20 za matumizi. Injini ya farasi 50 ingezunguka hewani vile vile.

Kwenye boti la kasi kibati hukaa karibu sawa na chini ya boti, kwa sababu boti lile huinuka na kuteleza juu ya maji na hutaka mguu wa injini uliozama kidogo iwezekanavyo. Ushauri wa rafiki ulikuwa sahihi kwa chombo chake.

## Nguvu, shafti na pangaboi

Baada ya vipimo swali la farasi lilijibiwa kwa dakika chache. Chombo kinachopasua maji bila kuinuka juu yake kina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake majini. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43. Kwa mita 6 unapata maili 5.95. Kukipita kikomo hicho kunadai nguvu nyingi mno kwa faida kidogo, na ndiyo maana 9.9 ilipokazwa ilizamisha tezi tu. Kanuni ya mafundi ni farasi 4 kwa kila tani; tani 1.4 zinataka farasi 5.6. Farasi 6 zinatosha, na kuna sababu moja ya kununua 6 badala ya 4 au 5. Kwa watengenezaji wengi injini hizo tatu za mipigo minne zimejengwa juu ya silenda ile ile moja na uzito wake ni ule ule, kilo 25 hadi 28 kutegemea shafti. Tofauti iko hasa kwenye njia ya hewa na mafuta. Anayenunua 4 hapunguzi kilo hata moja. Ukivuka 6 kwenda 8 na 9.9 ndipo unaingia kwenye silenda mbili na kilo 40.

Shafti ilikuwa ndiyo swali lenyewe. Zipo fupi za sentimita 38, ndefu za 51, na ndefu zaidi za 63.5. Fundi alipendekeza hiyo ya tatu. Mwenye mashua alisita, akiona 51 inatosha kwa hesabu ya kuzamisha pangaboi, na kweli ingetosha. Hoja ya fundi ilikuwa juu ya kichwa cha injini. Kwa shafti ya 51, ili pangaboi lizame vya kutosha, ubao ungeshushwa hadi karibu sentimita 28 juu ya maji, pale pale ulipokuwa, na wimbi la nyuma lingeweza kukifunika kichwa cha injini. Kwa shafti ya 63.5 ubao ungekaa sentimita 40 juu ya maji, na bado kibati kingezama zaidi ya sentimita 23. Urefu wa ziada unaletea faida mbili kwa mpigo: pangaboi chini, kichwa juu. Alikubali.

Kisha pangaboi. Lile la 9.9 lilikuwa na hatua ya inchi 9, maana yake kwa kila mzunguko mmoja lingesonga sentimita 23 kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Injini ikizunguka mara 5,500 kwa dakika na gia ikipunguza mara mbili na kidogo, mahesabu yanatoa maili 19 hadi 20. Lilichongwa kwa boti jepesi linalokimbia. Likifungwa kwenye chombo kisichoweza kuvuka maili 6, ni gari linalopanda mlima kwa gia ya juu. Fundi alipopima, akseleta ikiwa mwisho, injini ilikuwa inafika mizunguko 4,200 tu, wakati mtengenezaji anataka kati ya 5,000 na 6,000. Injini inayolemewa hivyo haitoi farasi zilizoandikwa ubavuni, na inachakaa upesi. Injini mpya ilikuja na pangaboi la kazi nzito, lenye mabawa mapana na hatua ya inchi 6. Hesabu ile ile kwake inatoa maili 13 hivi, bado inateleza zaidi ya nusu, lakini injini inafika kwenye mizunguko yake.

Injini ya umeme ilifikiriwa. Ni nyepesi, haina kelele, na kwa kuingia gatini tu ningeichagua mwenyewe bila kusita. Lakini betri ya saa-kilowati moja, ikisukuma kwa kilowati moja, haifiki saa nzima, na safari ya kurudi upepo ukifa ilikuwa ya saa mbili au tatu. Farasi 6 za petroli, zikifanya kazi kwa nusu nguvu, hula karibu lita moja kwa saa. Tenki la nje la lita 12 lina kilo 9 za petroli na linamaliza siku. Injini ya mipigo miwili iliachwa bila mjadala mrefu.

## Kufunga

Ubao wa zamani ulitolewa, na chini yake ukuta wa tezi ulipogongwa kwa nyundo ndogo ulitoa sauti ya kufa badala ya mlio mkavu. Ukuta huo ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Maji yalikuwa yameingia kupitia matundu ya bolti na kuilowesha plaiwudi kwa miaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inachuruzika rangi ya kahawia.

Kwa nini bolti za juu na si za chini? Injini inaposukuma mbele, pangaboi linasukuma mguu wa injini kuelekea kwenye mashua. Mguu ni mrefu, kwa hiyo sehemu ya chini ya ubao inakandamizwa ukutani na sehemu ya juu inavutwa kutoka ukutani. Uzito wa injini unaoning'inia nyuma nao unavuta juu vile vile. Bolti za juu hazipumziki hata mashua ikiwa imefungwa gatini, maana kila kitikisiko kinazivuta. Kilo 20 za ziada ndizo zilizomaliza kazi ambayo maji yalikuwa yameianza.

Plaiwudi iliyooza ilikatwa kutoka ndani, mpya ikawekwa, ikafunikwa kwa faiba. Matundu ya breketi, kishikizo kipya cha injini badala ya ule ubao, hayakutobolewa moja kwa moja. Kwanza yalitobolewa mapana kuliko bolti, yakajazwa epoksi iliyokorezwa kwa unga wake, ikakauka, kisha tundu la kipimo cha bolti likapitishwa katikati ya epoksi. Kwa njia hiyo hata lakiri (gundi ya kuziba maji) ikija kushindwa siku moja, maji yanakuta epoksi na si mbao. Ndani ya ukuta iliwekwa bamba la alumini la milimita 6, pana kuliko breketi yenyewe, likiwa na kingo zilizoviringwa zisiukate ukuta. Bolti nne za stenlesi, milimita 10, na washa pana. Kati ya stenlesi na alumini kulitiwa washa za plastiki na grisi maalumu, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Lakiri ilikuwa ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni haifai mahali hapa.

Breketi ni ya springi, inayopanda na kushuka karibu sentimita 36. Ilifungwa kushoto mwa usukani, sentimita 35 kutoka katikati. Kipimo hicho cha 35 hakikutoka kitabuni. Injini ilibanwa kwa muda ikiwa imezimwa, usukani ukageuzwa hadi mwisho upande wa injini, injini nayo ikageuzwa hadi mwisho upande wa usukani, na nafasi kati ya ncha ya bawa na ubao wa usukani ikapimwa kwa mkono. Kwa sentimita 30 vilikuwa vinagusana. Kwa 35 ilibaki nafasi ya vidole vitatu. Kusogea zaidi kungeupeleka mzigo karibu na kona ya ukuta, ambako bamba la ndani lisingekaa sawasawa. Kwenye usukani wenyewe kulifungwa kizuizi cha kamba ili usigeuke hadi mwisho kabisa injini inapofanya kazi.

Kamba ya kuzimia injini, inayofungwa kwa nahodha, na mnyororo mfupi kutoka kwenye injini hadi kwenye kishikizo cha mashua viliwekwa siku hiyo hiyo. Tenki likahamishiwa kwenye sanduku lenye tundu la hewa linalotokea nje, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutua sehemu ya chini kabisa ya chombo. Betri nayo ikasogezwa mbele hadi karibu na mguu wa mlingoti, na matundu ya kutolea maji yakarudi juu ya uso wa bahari.

## Matokeo

Kwenye maji tulivu mashua ilifika maili 5.4 injini ikizunguka mara 5,300, na maili 4.5 kwa nusu ya akseleta. Ni pungufu ya ile 9.9 kwa kiasi kidogo sana.

Kipimo halisi kilikuwa mlangoni. Safari hii walichagua kwenda maji yakiwa yanapwa na upepo wa usoni, lakini wakiwa na tanga kuu limepunguzwa na kupandishwa, tayari kutumika. Mashua ilishika maili 3 hadi 3.5 bila kukatika. Pangaboi lilivuta hewa mara chache, kwa muda wa kupepesa jicho, na omo haikuanguka kando. Mwenzake alipokwenda mbele kwa makusudi, msukumo haukukatika. Kijito cha maji ya kupoza kiliendelea muda wote.

Kero mpya zilikuja na kufunga huku. Pangaboi liko pembeni, maji linayoyasukuma hayapiti kwenye usukani, kwa hiyo mashua ikiwa imesimama usukani haufanyi kitu hadi mwendo uanze. Na kwa kuwa msukumo unatoka kushoto, omo hupenda kwenda kulia. Kugeuka kulia gatini ni rahisi kupita kiasi. Kugeuka kushoto kunataka nafasi, au mtu ainame auzungushe mguu wa injini kwa mkono. Kwenda nyuma ni dhaifu pia, kama ilivyo kwa injini nyingi ndogo zinazotolea moshi katikati ya pangaboi: zikirudi nyuma bawa linauma moshi wake lenyewe.

## Uchambuzi

Uamuzi wa kwanza ulishindwa kwa sababu ulijibu hofu ya mlangoni kwa kitu kinachohesabika dukani. Farasi zimeandikwa ubavuni mwa injini. Sentimita za maji juu ya kibati hazijaandikwa popote, na mtu lazima azifuate gatini akiwa na futi. Ukweli ni kwamba injini ya zamani ya farasi 4 ilikuwa na kasoro ile ile ya shafti fupi, ila kwa kuwa ilikuwa dhaifu kila mtu aliilaumu kwa udhaifu wake. Hivyo tatizo la kina lilijificha nyuma ya tatizo la nguvu, na kuongeza nguvu kukaonekana ni dawa.

Uzito ulifanya kazi mbili zinazopingana, na hapa wengi huchanganyikiwa. Injini nzito iliishusha tezi, jambo ambalo ukiwa umesimama gatini linaonekana kuzamisha pangaboi zaidi. Mwenye mashua alilitaja kama faida. Lakini tezi iliyoshuka iliyazamisha matundu ya maji, na sentimita mbili au tatu za kina zilizopatikana hazikuwa kitu mbele ya 20 zilizopotea kila wimbi lilipopita.

Ningewapa alama ndogo kwa jambo moja katika ufungaji wa pili. Kizuizi cha kamba kwenye usukani kinategemea kukumbukwa. Siku mtu mgeni atakaposhika usukani kamba ikiwa haijafungwa, vidole vitatu ndiyo nafasi yote iliyopo, na bawaba za zamani zina mchezo wa kutosha kuila. Kipande cha mbao kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa tezi kingefanya kazi hiyo bila kumtegemea mtu.

Injini kukaa kushoto kulileta kanuni waliyoigundua wenyewe. Wakitumia tanga na injini pamoja, hupanga upepo utoke kulia. Mashua inalalia kushoto, upande wa demani, na pangaboi linazama. Upepo ukitoka kushoto, mashua inalalia kulia, tezi ya kushoto inainuka, na akiba ile ya sentimita 23 inapungua vibaya. Kwenye kubisha, yaani kwenda kwa kona kona dhidi ya upepo, kutoka mlangoni sasa hutumia injini kwenye mkono mmoja tu, na kwenye mkono wa pili huipumzisha.

Shafti ndefu zaidi ilikuja na deni lake. Breketi ikiwa juu kabisa, kibati kinatoka majini kwa sentimita 13 tu, na pezi la chini, ncha ya mwisho ya mguu wa injini, lililo karibu sentimita 25 chini ya kibati, linabaki ndani. Injini lazima ipandishwe na breketi, kisha iinamishwe. Hata hivyo mashua ikilalia kushoto sana, ncha ya pezi inachapa maji na kurusha manyunyu. Fundi anataka breketi ipandishwe sentimita 4 zaidi. Mwenye mashua amekataa, kwa sababu sentimita 4 zitatoka kwenye kina cha pangaboi na matundu manne ya epoksi yatapigwa upya kwenye ukuta uliotengenezwa juzi. Mimi niko upande wake: manyunyu ya pezi yanapunguza mwendo kidogo siku ya upepo mzuri, na akiba ya kina inahitajika siku ambayo upepo ni mbaya. Wamekubaliana kwamba atapunguza tanga mapema, kabla mashua haijalala kiasi hicho.